Mama wa Steshenari Hajakubali

Wanasema amekubali. Mwanawe wa kwanza alinipigia simu kutoka Bunda akaniambia hivyo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza jambo. Mama amekubali duka la mtaa wa Mukendo lifungwe, chumba kirudishwe kwa mwenye nyumba, na zile kompyuta apewe mtu wa vyuma chakavu. Mwanawe aliomba nimsaidie kuzifungua nyaya, maana ni mimi ninayezijua. Nikamuuliza, Mama amekubali vipi, wakati tangu alipopata kiharusi hasemi. Akanijibu, "Tulimwambia wote tukiwa pale. Hajakataa."

Naandika haya kwa sababu ya neno hilo.

Mimi si mtu wa kubishana. Ni mtu wa wasiwasi. Nikiandika ujumbe wa simu naurudia kuusoma mpaka maneno yanakosa maana, kisha naufuta. Kompyuta sijaisomea darasani. Nimejifunza kwa kuharibu na kurudisha, na kila siku naogopa atatokea mtu aliyesoma aniulize swali la kwanza kabisa, lile ambalo kila aliyesoma analijua, nami nisilijue. Mtu kama mimi hana mazoea ya kuingia kati ya watoto wa mtu na mama yao. Lakini nilikaa na mama huyo miaka mingi katika kile chumba cha Mukendo, meza yangu ikiwa kando ya yake, na kuna jambo moja ninalolijua bila wasiwasi wowote: hajawahi kukubali kitu kwa kunyamaza.

Mjini Musoma alijulikana kama Mama wa Steshenari. Kazi za duka zilikuwa zilezile za steshenari yoyote: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kadi za harusi. Kilichomtofautisha ni kompyuta zake. Zote zilikuwa zimetupwa na maofisi. Alizichukua, akazifuta, akaziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, zikaamka. Siku moja alikuja kijana mmoja muuza kompyuta kutoka Mwanza, shati limenyooka, akazitazama kwa huruma na kumwambia kwamba mashine hizi, Mama, zilishakufa kitambo. Mama wa Steshenari hakuinua macho.

"Zimekufa kwa ruhusa ya nani?"

Yule kijana alicheka akidhani ni utani. Ulikuwa utani, ila haukuwa wa kuchekwa na yeye.

Watu wengi hawakuelewa kwamba hakupenda madirisha ya kompyuta. Kazi zake zote alizifanya kwenye skrini nyeusi, akiandika amri mstari kwa mstari. Kipanya chake kilining'inia kwenye msumari ukutani, kwa ajili ya wageni. Alisema kuelekeza kidole ni kwa watoto wachanga, mtu mzima anasema anachotaka. Hata hivyo sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwatengenezea wengine vidirisha. Hii ilikuwa kazi yake ya siri, ambayo haikuwa siri. Katika Linux unaweza kuandika mstari mmoja tu kwenye ile skrini nyeusi, na mbele ya mtu kikatokea kidirisha kidogo chenye swali na vitufe. Mtu huyo hahitaji kujua chochote kuhusu amri. Anasoma, anabonyeza, anaendelea na maisha yake. Programu inayofanya hivyo inaitwa zenity, na Mama aliitumia kama fundi cherehani anavyotumia sindano:

zenity --question --text="Karatasi bado ipo?" --ok-label="Ipo" --cancel-label="Imekwisha"

Maneno ya amri ni ya Kiingereza, na hilo alilivumilia kama unavyovumilia jirani mwenye redio. Lakini kilichokuwa ndani ya zile alama za mtajo hakuruhusu kiwe cha mtu mwingine. "Hapa ndani ni kwetu," alisema, akigonga skrini kwa ukucha. Ukiacha kuandika maneno ya vitufe, programu inaweka ya kwake, ya Kiingereza. Kwa Mama hiyo ilikuwa aibu, kama kumkaribisha mgeni kwenye nyumba ambayo haijafagiliwa.

Mama mmoja wa Mwigobero aliyeuza samaki kwa jumla alitengenezewa kidirisha cha orodha: sato, sangara, dagaa, furu, chagua, andika uzito, maliza. Karani wa parokia alitengenezewa kimoja cha kutafuta majina ya waliobatizwa. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya kidirisha chake kulikuwa na mstari mmoja ambao angeweza kuusoma kwa pumzi moja. Wengine walidhani Mama amenunua programu Ulaya. Aliwaacha wadhani hivyo, kisha akaja kunilalamikia mimi kwamba watu wa hapa hawaamini kitu mpaka kitoke Ulaya.

Alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo aligombana na nusu ya wateja wake. Hakutengeneza kidirisha kisicho na njia ya kukataa. Kidirisha chenye kitufe kimoja, alisema, hakiulizi, kinaamuru, na kwa amri watu wana askari.

Mkuu mmoja wa shule alikuja akitaka kompyuta za maabara zionyeshe ujumbe kipindi kikiisha: Muda umekwisha, na kitufe kimoja cha Sawa. Mama alimtengenezea. Wiki iliyofuata mkuu akarudi amefura, kwa sababu chini ya Muda umekwisha kulikuwa na vitufe viwili, Sawa na Bado kidogo, na aliyebonyeza cha pili alipewa dakika za kumalizia sentensi yake. Wanafunzi wote walikuwa wakibonyeza cha pili. Mkuu alisema hiyo ni kuwafundisha ukaidi. Mama akamuuliza kama na yeye, akiitwa na mke wake kula huku anaandika, hasemagi bado kidogo. Kitufe kilibaki. Baadaye nilisikia kwamba wanafunzi walichoka nacho wenyewe, wakaanza kubonyeza Sawa kama watu wengine. Mama alipoambiwa hivyo alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Walichagua, alisema.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Mtu huyu aliyepigania vitufe viwili kwa kila mtu, uso wake wenyewe ulikuwa na kitufe kimoja. Dukani kwake chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi, hata kama tumbo lako halitaki. Mahali pa kukaa alipanga yeye. Niliwahi kuhamisha meza yangu hatua chache karibu na mlango nipate hewa. Kesho yake niliikuta imerudi, na juu yake kikombe cha chai. Alikata maneno ya watu katikati. Akikasirika alirudi kwenye Kijita, lugha ya kwao, na hapo hukuwa na nafasi hata ya kuomba msamaha kwa sababu hukujua umekosa nini. Siku nilipomwambia kwamba anawapa watu uchaguzi kwenye skrini tu, aliinua macho kutoka kwenye skrini. Kisha akasema, "Kwenye skrini ndiko ninakoweza." Aliendelea na kazi, nami hadi leo sijui kama lilikuwa jibu la majivuno au la huzuni.

Hakunifundisha. Napenda hili lieleweke, kwa sababu wapo wanaosema mimi ni mwanafunzi wake, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukana. Alichofanya ni kugeuza skrini yake kidogo upande wangu, kiasi ambacho kingeweza kuwa bahati mbaya. Mengine niliyasoma mwenyewe kwenye kurasa za maelezo ambazo kila programu ya Linux inakuja nazo, usiku na mchana, nikiandika kila kitu mara mbili. Kidirisha changu cha kwanza nilikifanyia kazi mpaka macho yakauma. Nilipanga nafasi kati ya maneno, nikabadilisha Unataka kuwa Je, unataka, nikarudisha. Nikajaribu kukivunja kwa kila njia niliyoijua. Alipita nyuma yangu akakitazama.

"Kizuri sana," alisema. "Kimeshatoka nje ya nyumba?"

Hakikuwa kimetoka. Kilikuwa bado kwangu wiki ya nne.

Kitu kimoja alikirudia hata bila kutaka. Kila kidirisha kilipofungwa, vidole vyake viliandika echo $? kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ndiyo njia ya kuiuliza mashine: yule mtu amejibu nini? Kidirisha kikishaondoka, jibu linabaki kama namba. Sifuri ni ndiyo. Moja ni hapana. Na ukiwa umeweka muda, mtu akakaa mbele ya kidirisha bila kugusa chochote mpaka kikajiondokea chenyewe, unapata tano. Mimi nilikuwa nikiruka hatua hiyo, nikijua kidirisha kimefanya kazi kwa sababu nimekiona. Yeye hakuona hivyo. Aliyetengeneza swali, kwake, hakuwa na ruhusa ya kukisia jibu.

Ilikuja siku ya kulisema hilo hadharani, huko Buswahili, wilaya ya Butiama. Kikundi kimoja cha wafugaji kilikuwa na eneo la malisho, na watu waliokuwa wanatafuta dhahabu upande wa Buhemba walitaka kulikodi walichimbe. Mwenyekiti wa kikundi alitaka wanachama waulizwe kwa kompyuta, ionekane mambo ni ya kisasa. Kwanza aliomba kitufe kimoja, kwa maelezo kwamba wazee watachanganyikiwa na viwili. Mama akamwambia kwamba kama yeye mwenyekiti hajawachanganya miaka yote hiyo, kitufe hakitaweza. Mwenyekiti akakubali viwili, mradi kila mtu apewe dakika moja tu na asiyejibu ahesabiwe amekubali. Ndivyo tunavyofanyaga kwenye mikutano, alisema. Mama alimwambia atakuja mwenyewe na mashine yake.

Tulienda wote wawili. Mashine iliwekwa mezani, na mwenyekiti akasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, akimkaribisha kila mmoja kwa jina. Hapo nikaelewa kitu ambacho Mama alikuwa amekijua tangu mwanzo. Karibu wanawake wote wa makamo pale walikuwa wakwe wa mwenyekiti kwa njia moja au nyingine, na kule mama mtu mzima hamkatalii mkwe wake mbele za watu. Hukaa, hunyamaza, kisha huondoka, na kila mtu wa kule anajua maana yake. Mwenyekiti aliijua kuliko wote. Walikuja mmoja mmoja, wakaketi, wakaweka mikono mapajani. Walikitazama kidirisha mpaka kikajiondokea, wakasimama, wakaenda zao.

Mwisho Mama alisoma hesabu tatu: waliosema ndiyo, waliosema hapana, walionyamaza. Walionyamaza walikuwa wengi kuliko wengine wote pamoja. Mwenyekiti akamwomba kwa heshima kubwa aunganishe la kwanza na la tatu.

"Kimya nacho kina namba yake, mwenyekiti," alisema. "Ni tano. Ndiyo ni sifuri. Unataka mimi niandike tano ni sifuri?"

Watu walicheka, kwanza vijana, halafu wale wakwe nao, wakiwa wamejifunika midomo kwa khanga. Mwenyekiti alicheka pia, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Malisho yale hayajachimbwa hadi leo.

Kwa hiyo niliposikia kwenye simu kwamba hajakataa, nilikata simu kwa hasira. Nilikaa nikatengeneza kidirisha. Nilikitengeneza kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kazi yoyote: herufi kubwa za kusomeka kwa mbali, vitufe vipana kwa ajili ya mkono usio na uhakika. Je, Mama, duka la Mukendo lifungwe na vitu vyake viuzwe? Ndiyo. Hapana. Sikuweka muda. Chini yake niliandika mistari ya kuchapa jibu kwa maneno, ili mwanawe asije akasema hakuelewa namba: AMEKUBALI au AMEKATAA. Nikaenda Bunda.

Nilimkuta sebuleni kwa mwanawe, kwenye kiti cha mkono, mguu mmoja juu ya kigoda. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichokuwa amemshikia mtu. Amekonda. Nilipomwamkia shikamoo midomo ilijaribu marahaba na haikutoka, akakunja uso kwa hasira, na kwa hasira ile nikajua akili yake ipo yote.

Mwanawe, mwanaume mpole, mwalimu wa sekondari, aliniletea kiti. Nilimwambia kilichonileta. Alitazama sakafu.

"Mdogo wangu, unadhani sisi hatumpendi?"

Nilisema sidhani hivyo. Akasema duka limefungwa miezi yote hii, mwenye nyumba anapiga simu, mashine zinaliwa na vumbi. Mama hawezi kurudi kule, na kumuuliza ni kumtonesha. Walimwambia tu, kwa upole, akageukia ukutani. Walifanya nini zaidi? Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri. Nilitaka kumhurumia, ila nilikuwa nimekuja na hasira na sikuwa tayari kuiweka chini. Nikaiweka laptop mbele ya mama yake, nikaandika amri, kidirisha kikatokea.

Alikisoma. Alikisoma tena. Mkono wa kushoto ulinyanyuka taratibu, ukapita juu ya kipanya nilichomsogezea bila kukigusa, ukafika pembeni mwa kibodi, na kidole kimoja kikabonyeza Esc. Kidirisha kikafungwa. Kwenye skrini nyeusi mistari yangu ikachapa: AMEKATAA.

"Umeona," nilimwambia mwanawe. Niliona hata sauti yangu imepanda.

Lakini nilikuwa nimekiona kile kidole. Kwa programu ile, kubonyeza Hapana na kukifunga kidirisha kwa Esc hutoa namba ileile, moja. Mama mwenyewe alikuwa akiilaumu kwa hilo, akisema kukataa jibu na kukataa swali si kitu kimoja. Mistari yangu mizuri haikuwa na nafasi ya mtu anayekataa swali lenyewe. Mama alitikisa kichwa, si kwa mwanawe bali kwangu, akaivuta laptop kwa mkono wake mmoja.

Aliandika polepole sana. Hakuweza kushika kitufe cha herufi kubwa huku akibonyeza kingine, kwa hiyo aliandika bila herufi kubwa na bila alama ya kuuliza. Angeweza kuacha vile vitufe vya Kiingereza vinavyokuja vyenyewe, na kwa mkono ule ingekuwa haki yake. Hakuviacha. Tulisimama tukisubiri herufi baada ya herufi, mwanawe na mimi, mpaka akabonyeza Enter na kuigeuza laptop, si kidogo, moja kwa moja hadi ikamwelekea mwanawe.

Kidirisha kilikuwa na neno moja: umeniuliza. Chini yake, ndiyo na hapana.

Mwanawe alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akasogeza kipanya. Akabonyeza hapana. Kisha akavuta kigoda kingine, akaketi chini ya usawa wa macho ya mama yake, na kwa mara ya kwanza akasema kama swali: "Mama, duka lile tulifanyeje?"

Mama aliirudisha laptop upande wake, na safari hii hakutengeneza kidirisha. Aliandika tu kwenye mstari, bila kubonyeza Enter, na sisi tukasogea kando yake tukasoma:

chumba rudisheni printa uzeni ilinisumbuaga mashine zije huku

Mwanawe alicheka huku anajifuta macho, akatoka nje kumpigia simu mtu mwenye kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuja Bunda nikijua atasema hapana. Nilikuwa tayari kupigana na ukoo mzima kwa ajili ya hapana hiyo, na yeye alikuwa anakiachia chumba cha Mukendo kama mtu anayevua kiatu kilichombana. Bado nasema, na nitamwambia yeyote, kwamba walipopiga simu alikuwa hajakubali. Alikubali alichokikubali alasiri hiyo, alipoulizwa.

Nilipoinua macho alikuwa anaandika tena. Ilichukua muda. Alama za mtajo aliweka moja moja badala ya mbili mbili, maana zile mbili zinahitaji mikono miwili. Kisha laptop ikageuzwa upande wangu.

na wewe ulishajua jibu langu

Nilivitazama vile vitufe viwili. Nikabonyeza ndiyo. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akanisukumia laptop, na kwa mkono uleule akaanza kunionyesha ukuta ambao mashine zitapangwa.